Safu ya Maji Kwenye Daftari Letu

Kikundi chetu kina daftari moja kubwa lenye jalada gumu, ambalo tumelitumia tangu tulipoanza kuwajengea nyumba majirani wasio na uwezo hapa Kigoma, na ukizifungua kurasa zake za mwanzo utaona jinsi tulivyokuwa makini. Kuna safu ya saruji, ya mchanga, ya mawe, ya kokoto, ya mbao, ya mabati na ya misumari, na kuna hata safu ya unga wa muhogo na dagaa wa kuwapikia watu wanaokuja kufanya kazi. Kila kilichoingia kiliandikwa, na jina la aliyekileta likaandikwa pembeni. Safu ya maji haikuwepo. Katika mji ambao ukisimama penye mwinuko wowote unaliona Ziwa Tanganyika limetanda mpaka kwenye milima ya Kongo, hakuna aliyewaza kwamba maji nayo ni kitu cha kuchangwa. Safu hiyo tuliiongeza kwa rula na kalamu nyekundu mwaka 2023, baada ya kosa ambalo mpaka leo likinijia usiku silali vizuri, na nimeona niandike jinsi ilivyoingia humo, kwa sababu najua viko vikundi vingi kama chetu vinavyojenga kwa moyo uleule na kwa upungufu uleule.

Sisi ni watu wapatao 30. Wamo walimu, mafundi ujenzi, waendesha bodaboda, wavuvi, kinamama wa vikoba na vijana waliomaliza kidato cha nne. Wamo Waislamu na Wakristo, na tunafanya kazi Jumamosi, kuanzia Juni mpaka Septemba, wakati wa kiangazi. Hatuna ofisi wala gari. Familia tunayoijengea tunaichagua kwa kushauriana na mwenyekiti wa mtaa pamoja na majirani wanaoijua, nayo huleta kile inachoweza: kiwanja, matofali ambayo imeyafyatua na kuyachoma yenyewe, mikono yake, na mara nyingi chakula kutoka kwenye chungu ambacho hakikuwa na cha kutosha. Nyumba ni ileile kila mara, vyumba viwili na sebule, futi 24 kwa 20, msingi wa mawe, jamvi, yaani bamba la sakafu, la zege la inchi tatu, ukuta wa matofali ya kuchoma na paa la bati.

Nyumba ya kwanza ambayo mimi nilisimamia ratiba yake ilikuwa ya bibi mmoja aliyekuwa akilea wajukuu watatu, mkubwa wao akiwa na miaka tisa. Jumamosi ya kumwaga jamvi, mwezi Agosti 2021, walikuja watu zaidi ya 40. Tulijipanga mstari kutoka kwenye lundo la kokoto mpaka kwenye msingi, karai zikawa zinapita mkono kwa mkono, na fundi mkuu akawa amepiga magoti kule mwisho na ubao wake wa kusawazishia, akirudi kinyumenyume kidogo kidogo kadiri zege lilivyomfuata. Jua lilikuwa kali, na upepo wa kiangazi ulikuwa ukipanda kutoka ziwani. Vijana walipoona zege ni gumu kukoroga waliongeza maji ili liwe laini, na hakuna aliyewazuia, kwa sababu kazi ilikuwa inakwenda na watu walikuwa wanaimba. Saa tisa alasiri jamvi lilikuwa limekamilika, limelala laini kama meza. Tulipiga picha, tukala, tukaagana.

Fundi mkuu, ambaye siku nyingine zote za juma ana kazi zake za kumpatia riziki, alimwambia bibi alipokuwa akiosha mwiko wake, "Mama, usisahau kumwagilia." Bibi aliitikia. Hakuna kati yetu aliyeuliza angemwagilia kwa maji gani, wala kwa miguu ya nani. Kisima walichokuwa wakichota kilikuwa mbali, robo saa ya kutembea kwa mtu mzima mwenye afya, na yeye magoti yalikuwa yamekwisha kumwachia. Jumapili alimwagia jamvi beseni moja la maji, yale yaliyobaki baada ya kuosha vyombo. Jumatatu mjukuu mkubwa alileta dumu moja la lita kumi kabla ya kwenda shule, na hilo lilitumika kupikia.

Jumanne jioni nilipita nikakuta nyufa. Zilikuwa nyembamba kama nywele, zikikatizana kama mistari ya kiganja, na kila mmoja aliyeziona alisema ni za juu tu. Tulijenga ukuta, tukapaua, bibi akahamia, tukafurahi. Ilikuwa mwezi Desemba, nilipokwenda kumjulia hali, ndipo alipochukua ufagio mbele yangu, akafagia sehemu ndogo karibu na mlango, akaniinulia kile alichokusanya kwenye kiganja chake. Lilikuwa vumbi la kijivu, laini kuliko unga. "Mwalimu," aliniambia, wala hakuwa na hasira, "kila nikifagia naona nyumba yangu inapungua."

Mimi nafundisha kemia. Nimesimama mbele ya madarasa mengi nikaeleza kwamba saruji haikauki, ingawa sote tunalitumia neno hilo. Udongo ndio unaokauka: maji yakiutoka unakuwa mgumu, na ukiulowesha tena unarudi kuwa tope. Saruji inafanya jambo jingine kabisa. Inakamatana na maji, inayachukua na kuyafanya sehemu ya mwili wake, na kutokana na muungano huo huota chembechembe zinazosukana na kuushikilia mchanga na kokoto. Kazi hiyo haiishi siku ya kumwaga. Inaendelea kwa siku nyingi, na ndiyo maana wahandisi hupima nguvu ya zege siku ya 28, ingawa sehemu kubwa ya nguvu hiyo hupatikana ndani ya siku saba za mwanzo, ikiwa tu maji yapo. Jua na upepo vikiyaondoa maji ya juu siku ya pili, ile chembe inayoota inakatika njiani, na tabaka la juu linabaki kama mkate uliotolewa kabla haujaiva. Ndilo hilo bibi alilokuwa akilifagia.

Nimefikiri sana kwa nini watu 40, wakiwemo mafundi watano na mwalimu wa kemia, hawakulitilia jambo hili uzito, na nadhani sababu iko katika tulikotoka. Wazazi wetu walijenga kwa miti na udongo, na nyumba ya udongo inataka jua. Ukiisha kukandika ukuta unaomba mvua isinyeshe, unaomba upepo uvume, na ukiona ukuta umebadilika rangi kutoka weusi kuwa wekundu unashukuru. Tumelelewa tukijua kwamba nyumba mpya huachwa ikauke. Tulipoanza kutumia saruji tulichukua mfuko, lakini mazoea yetu yalibaki ya udongo, na siku ile tuliliona jua kali la Agosti kuwa baraka. Zaidi ya hayo tulikosea kwa namna mbili zinazopingana: tulizidisha maji pale ambapo maji mengi yanadhoofisha, yaani wakati wa kukoroga, na tukalinyima zege maji pale ambapo hayawezi kuzidi, yaani baada ya kuganda.

Nilisoma wakati huo historia ya watu waliofanya kazi hii kabla yetu, nikitafuta kama wao walikutana na shida hii. Shirika la Habitat for Humanity, ambalo pengine ndilo linalojulikana zaidi duniani kwa ujenzi wa kujitolea, lilianzishwa mwaka 1976 huko Americus, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, na mume na mke, Millard na Linda Fuller. Lakini wazo lao walikuwa wamekwisha kulijaribu katika nchi ambayo sisi tunaiona ng'ambo ya ziwa kila siku, kwani tangu mwaka 1973 waliishi Mbandaka, huko Kongo iliyokuwa ikiitwa Zaire, wakijenga nyumba za bei nafuu pamoja na wenyeji. Msingi wa utaratibu wao ni kwamba familia inayopata nyumba haipewi sadaka: inatoa saa zake za kazi, na inalipa gharama kidogo kidogo bila ya mwenye kuikopesha kutafuta faida. Baadaye, kuanzia mwaka 1984, aliyekuwa Rais wa Marekani, Jimmy Carter, na mke wake Rosalynn walijitokeza kushika nyundo, na kwa miaka mingi wakawa wanatenga juma moja kila mwaka kwa kazi hiyo.

Hilo juma moja ndilo lililonifanya nisimame. Nyumba nyingi za kule ni za mbao. Mbao haina siku saba za kungoja: ukiipigilia msumari leo, leo hiyohiyo inabeba mzigo, na kwa hiyo watu wengi wakija kwa pamoja wanaweza kweli kuiacha nyumba imesimama wanapoondoka. Sisi tumeichukua ile picha ya umati wenye furaha unaofanya kazi siku moja, tukaiweka juu ya nyumba ya mawe, matofali na zege, ambayo kazi yake kubwa inafanyika polepole wakati umati umekwisha kwenda nyumbani. Umati wa Jumamosi moja unalitosha paa. Jamvi linahitaji watu wachache watakaokuwepo Jumanne.

Jamvi la bibi tulilirudia mwaka uliofuata. Tulitoa vyombo vyake nje, tukachokonoa tabaka lote la juu kwa sululu na patasi, tukaosha, tukalowesha usiku kucha, tukapiga sakafu mpya ya inchi moja, na safari hii walimu wanne tuligawana siku. Alilala kwa jirani siku nane na wajukuu wake. Alitupikia siku ya mwisho, na hakuwahi kututamkia neno la lawama, jambo ambalo mimi lilinielemea kuliko kama angelitamka.

Mama tuliyemjengea mwaka 2023 alikuwa amefukuzwa na maji. Alikuwa akiishi na watoto wake wanne karibu na ufuko wa Kibirizi, mahali ambapo mume wake, aliyekuwa mvuvi, alijenga kabla ya kufariki, na kazi yake ilikuwa kununua dagaa wabichi alfajiri, kuwaanika na kuwauza wakiwa wakavu. Mvua zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2019 na kuendelea mwaka 2020 zilikuwa kubwa Afrika Mashariki nzima, na Ziwa Tanganyika likapanda. Ziwa hili, lenye urefu wa karibu kilomita 670, linapokea maji ya mito mingi, ukiwemo Malagarasi wetu na Rusizi unaoingia kutoka kaskazini, lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, ulioko upande wa Kongo karibu na Kalemie. Maji yakiingia kwa wingi hayana haraka ya kutoka. Wazee wa mwambao waliokuwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanasimulia mpando kama huo, lakini yeye hakuwa amezaliwa. Yeye alichokiona ni ufuko wa kuanikia dagaa ukipotea kwanza, kisha choo, kisha maji yakawa yanaingia jikoni asubuhi na kutoka jioni, kisha hayakutoka tena.

Kurudi kujenga palepale hata maji yatakaposhuka hakuwezekani, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na kwa kweli naona sheria hiyo ina busara. Shemeji yake alimkatia kipande cha kiwanja chake kilimani. Ni mahali pazuri sana. Ukikaa pale jioni unaona mitumbwi ya dagaa ikiondoka na taa zake, zikiwaka moja moja mpaka ziwa linaonekana kama mji. Ila bomba lilikuwa halijafika huko. Maji yalinunuliwa kwenye kioski chini ya kilima, na kutoka kioski mpaka kiwanjani ni mpando wa dakika 12 kwa njia ya mawe, ukiwa huna mzigo. Mwanamke aliyepoteza nyumba kwa sababu ya wingi wa maji alikuja kujengewa nyingine mahali ambapo ndoo moja ilikuwa ya kuhesabiwa.

Kwenye kikao cha Mei, kabla hatujaanza, niliomba nafasi nikaandika hesabu ubaoni. Jamvi la futi 24 kwa 20 ni karibu mita za mraba 45. Kwa unene wa inchi tatu linakula mifuko kama 20 ya saruji ya kilo 50, na kila mfuko unahitaji takriban lita 25 za maji wakati wa kukoroga, kwa hiyo siku ya kumwaga tunahitaji lita 500, yaani ndoo 25 za lita 20. Hizo zote tulikuwa tukizijua, kwa kuwa bila ya hizo kazi haianzi. Kisha nikaandika zile ambazo hatukuwahi kuzihesabu: ndoo sita asubuhi na ndoo sita jioni ili eneo lote lilowe, kwa siku saba. Ndoo 84. Zaidi ya mara tatu ya maji ya kukorogea, uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, na zote zinapanda kilima kichwani mwa mtu baada ya sisi kuaga. Kikao kilinyamaza. Mama mmoja wa vikoba, ambaye kwa kawaida hazungumzi, aliuliza, "Na kule kwa bibi tulimwachia nani hizi?"

Jioni hiyo ndipo tulipochora safu nyekundu. Tuliamua mambo ambayo ukiyasikia unaweza kuyaona madogo. Jamvi lisimwagwe mpaka majina ya watu wa siku saba yawe yameandikwa, wawili kwa kila zamu. Fedha za kununua maji zitengwe pamoja na fedha za saruji, siyo kutoka kwa mwenye nyumba. Mtoto wa familia asihesabiwe kama mbebaji siku za shule. Na maji ya kukorogea yapimwe kwa ndoo yenye alama, naye fundi mkuu pekee ndiye mwenye ruhusa ya kuongeza. Walitokea waliosema tunajifanya kampuni, na kwamba kujitolea kukiwekewa zamu na majina kunageuka kibarua. Sikubaliani nao hata leo. Mtu anayejitolea ametoa ahadi kwa mtu mwingine ambaye maisha yake yatategemea ahadi hiyo, na naona ahadi inastahili kuandikwa, hasa inapokuwa imetolewa kwa mtu ambaye hana uwezo wa kuidai.

Tulipata pia msaada wa saruji kutoka ofisi moja hapa mjini, mifuko kumi, nasi tulishukuru kwa dhati. Walitaka kuja siku ya kumwaga jamvi na siku ya kupaua ili wapige picha. Niliwaomba wachague siku moja kati ya zile saba za katikati, waje wabebe ndoo nasi, na nikawaeleza sababu. Hawakuja, nami sikuwalaumu, maana kwa mtu asiyejua hakuna cha kuonwa siku hiyo: ni uwanja wa kijivu uliolowa na watu wawili wamekaa pembeni.

Zamu yangu ilikuwa siku ya tatu, Jumanne, pamoja na kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu. Tulifika kioski saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla foleni haijawa ndefu, na kila mmoja akajitwika. Ndoo ya lita 20 ukiipandisha kwenye njia ya mawe haikuruhusu kufikiri jambo jingine. Unasikiliza maji yanavyogonga ukingo, unajifunza kukanyaga kwa unyayo wote, na mfuniko ukiwa umelegea mgongo wote unalowa hata kabla hujafika nusu. Safari ya pili nilipumzika mara mbili. Safari ya tatu kijana aliniambia, "Mwalimu, wewe kaa huku juu umwagilie, mimi nitaleta," na sikumbishia.

Mama mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuamka. Alikuwa ameangalia jinsi watu wa siku ya kwanza na ya pili walivyomwaga maji kwa ndoo, yakatiririka kwenye mteremko wa jamvi na kuishia nje kwenye mchanga, na jambo hilo lilikuwa limemkera, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiijua thamani ya kila lita. Tulikuwa tumetandaza viroba vitupu juu ya zege ili kuzuia jua, lakini viroba vya plastiki havinywi maji, na upepo wa mchana ulikuwa ukivipeperusha mpaka kwa jirani. Aliniita pembeni ya kibanda chake cha muda akanionyesha lundo la nyavu kuukuu za dagaa, zile zenye matundu madogo kama ya chandarua, alizobakiwa nazo tangu wakati wa mume wake. Wazo lake lilikuwa kukata nyasi, kuzitandaza nene juu ya jamvi lote, kuzilowesha, kisha kutandaza nyavu juu yake na kuzibana kwa mawe pembeni. Nyasi zitashika maji, nyavu zitashika nyasi. "Dagaa nao," alisema, "ukitaka wasikauke upesi njiani unawafunika hivihivi."

Tulifanya kama alivyosema, yeye, kijana na mimi, na kazi ilikwisha kabla ya saa mbili. Jioni nilipoingiza mkono chini ya nyasi zege lilikuwa bado limelowa na la baridi, wakati kwenye kona moja tuliyoiacha wazi lilikuwa limekwisha kupauka. Tangu siku ya nne zamu zilipunguza ndoo kutoka sita hadi nne kwa kila mwagilio. Kwenye daftari, katika ile safu nyekundu, jumla ya siku saba iliandikwa ndoo 68 mahali pa 84, na pembeni yake liliandikwa jina la mama huyo kama mtu aliyechangia ndoo 16. Mimi ndiye niliyeandika, na katika maandishi yote ya daftari hilo hakuna mstari ninaoupenda kuliko huo.

Siku ya nane fundi mkuu alikuja kabla ya kwenda kwenye kazi zake. Alikunja nyavu upande mmoja, akasukuma nyasi kwa mguu, akaligonga zege kwa nyuma ya nyundo mahali pengi, akisikiliza. Kisha akachukua msumari wa inchi nne akajaribu kulikwaruza. Msumari uliacha mstari mweupe wa chuma, jamvi halikuacha unga. Hakusema kitu. Alimpa mama mwenye nyumba ule msumari akajaribu mwenyewe.

Yaliyobaki yalikwenda kama yanavyokwenda siku zote. Matofali yalikuwa elfu tano na ushee, nayo tuliyalowesha kabla ya kuyapanga, kwa sababu tofali kavu linanyonya maji ya udongo wa saruji kama jua linavyoyanyonya. Lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ilikaa siku saba zake, na zamu zake ziliandikwa. Siku ya kupaua walikuja watu 60, wengine siwajui, na mabati yalimalizika kabla ya adhuhuri. Nafurahi watu wakija siku ya bati. Kelele za nyundo juu ya paa jipya zinaipa familia heshima mtaani, na sioni ubaya wa yeyote kupenda kuwa sehemu yake.

Kabla hatujaondoka tulimfungia gata kwenye paa, na fedha zilizobaki, pamoja na mchango wa kinamama wa vikoba, zilinunua tangi la lita 2,000. Paa lile, pamoja na vipenu vyake, linafunika karibu mita za mraba 55, na mvua moja nzuri ya milimita 20 inaingiza zaidi ya lita elfu moja. Mvua za mwisho za mwezi Mei 2024 ziliacha tangi limejaa mpaka juu, na hayo yalikuwa maji yake ya kiangazi, ya kunywa, ya kupikia na ya kuosha nguo za shule, ambayo angeweza pia kuyauza kwa ndoo, kwani kilimani wanunuzi hawakosekani.

Mwezi Juni tulimwaga jamvi la jirani yake wa juu, mzee anayeishi na mke wake mgonjwa, hatua kama 80 kutoka mlangoni kwake. Tulipokaa kupanga zamu na kuhesabu fedha za kioski, yule mama mwenye tangi aliinua mkono akasema maji ya siku saba yatatoka kwake. Nilimwambia, "Mama, hayo ni maji yenu ya mpaka Oktoba." Akanijibu kwamba anajua ni ya mpaka lini. Nyasi alizikata yeye na binti yake mkubwa siku moja kabla, na nyavu zilikuwa zilezile.

Jumamosi iliyofuata nilipopita kwake kuchukua hesabu ya kuandika kwenye daftari, hakuwa na karatasi. Alinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye ukuta ulio karibu na bomba la tangi, ambao bado haujapigwa lipu, akanionyesha mistari aliyoichora kwa mkaa, mitano mitano, kila ndoo iliyotoka na mstari wake. Nilihesabu mara mbili, yeye akinifuata kwa kidole. Ilikuwa 56.